Mshale Juu ya Jiwe

Benchi la Honoré, fundi cherehani wa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, lilikuwa na miguu mitatu na tofali moja, na kila asubuhi lilibeba watu wanne na uongo wa watu arobaini. Siku hiyo ya 2014 Télesphore, aliyezunguka nchi nne, zote mbio, alikuwa amerudi kutoka Karonga, alikowabebea watafiti mawe miezi miwili. Wenzake wa benchi wakambatiza Profesa Jiwe. Akacheka kuliko wao. Ila macho yake yalikuwa kwa Lucien, aliyeshika kahawa bila kuinywa. Kesho angehojiwa Lilongwe mara ya tatu, na maafisa wa hifadhi ya wakimbizi. Mara mbili za kwanza alitaja tarehe mbili tofauti za siku walipokimbia Fizi, Kongo, na mkewe akapotea.

— Profesa, jiwe inajuaka miaka yake namna gani? Honoré aliuliza.

— Tope inashuka mu maji. Tuchembe twa chuma twenye kuwa ndani tunaangalia kaskazini, tope inakauka, inakuwa jiwe. Sasa, zamani kaskazini ya sumaku ilikuwa inageuka kusini, mara mingi. Balimu beko na liste, orodha ya ile migeuko. Banalinganisha na matabaka, njo banajua miaka.

— Kumbe dunia iligeuka, sisi tukamwagika Malawi! Honoré akasema.

— Damu pia iko na chuma, akadakia mzee Nizigama wa kwaya. Mupime Lucien na sumaku, atatoa tarehe!

— Na mi munipime. Karte ya ukimbizi inasema nilizaliwa tarehe moja Januari.

— Kambi yote ilizaliwa tarehe moja Januari, Honoré, mzee akamjibu. Karani hana tarehe ingine!

Wakacheka. Lucien hakucheka.

— Télesphore, jiwe inaweza kukosea?

— Hapana, ndugu yangu. Kosa ni ya muntu. Mbele ya kuing'oa, unachora mshale juu: kaskazini ni huku. Mi siku ya kwanza niling'oa kumi na mbili bila mshale, nikajisifu. Bakatupa zote. Jiwe inakumbuka, ila hakuna mwenye kujua ilikuwa inaangalia wapi.

Alipomaliza, alitamani kuyameza maneno yake. Lucien alitua kikombe chini.

— Basi sisi batatutupa. Tuling'olewa bila mshale.

Cécile, binti wa Lucien, alikuwa amefika na shati ya kesho, imepigwa pasi. Siku ile ya Fizi alikuwa mgongoni kwa baba.

— Papa, acha tarehe. Mama alikimbilia upande gani?

Honoré aliangalia cherehani. Nizigama aliangalia miguu yake.

Lucien akainua mkono aonyeshe. Mkono ukabaki hewani, haujui pa kuelekea.