Donge Jeusi la Tata Lukusa

Kando ya barabara iendayo Mashamba, mbele ya kibanda cha unga na kahawa, kuna benchi ambalo wazee wa mtaa hulikalia kila asubuhi na kahawa ya thermos. Juu yake Tata Lukusa aliweka donge jeusi, laini, kubwa kama ngumi, alilolitoa porini upande wa Nzilo. Tangu amzike mke wake, Adolphine, kila Jumapili huenda kutembea huko peke yake. Amewaomba wenzake mara nyingi wamsindikize, hakuna aliyekubali. Leo, kwa mara ya kwanza, benchi zima lilimwinamia.

— Kobalti, alisema Kabeya, aitwaye Enjinia, ingawa mgodini aliendesha kamyo tu. Angalia weusi yake.

— Kobalti inabonyea, tata? aliuliza Lukusa, akilibonyeza kwa kidole.

— Hii ingali mubichi. Uiache ikomae.

Banza, aitwaye Pasta kwa ukubwa wa sauti yake, alilinusa.

— Inanukia sukari. Hii haikutoka mu udongo, ilishuka mbinguni. Njo mana ya mu Biblia!

— Mana ilikuwa nyeupe, Pasta, alisema Enjinia.

— Ile ya kwabo. Siye Mungu anatutumia ya rangi yetu.

Mpoyi, jina la kijiweni Negosya, hununua mawe ya wachimbaji. Alilitia mate, akalisugua ukutani, akalipima kwa kiganja. Ndivyo tulivyo Kolwezi, mji wa migodi: hata mkate ukiungua, mtu atauliza una madini kiasi gani.

— Enjinia iko na haki. Tata Lukusa, dimanche tunaenda na weye. Mi nabeba piki ya kuchimbia.

— Na mi pelle, alisema Enjinia, akiigiza kuchota udongo.

— Mi nabariki shimo, alisema Pasta.

Lukusa alizamisha uso katika kikombe kuficha furaha. Watu watatu! Tayari aliwasikia wakibishana nyuma yake njiani, na yeye akiwaonyesha pa kuvukia maji.

Akafika Mama Blandine, mpangaji mpya wa nyumba ya jirani, kununua kahawa. Akalitazama donge.

— Jambo, batata, aliwaamkia wazee. Mulikitoa mu udongo ao mu muti?

Wote watatu hawakuwa wamewaza kuuliza. Wakamgeukia Lukusa.

Alitamani kusema udongo. Neno lilikuwa tayari mdomoni.

— Mu muti, alisema. Mu kitundu. Kulikuwa tunyuki tudogo.

— Basi ni nta, alisema Mama Blandine, akalipa kahawa yake, akaenda.

Enjinia akakumbuka kwamba Jumapili hiyo kuna ubatizo wa mjukuu. Negosya akashika goti, lile la kushoto, ambalo halijawahi kumwuma. Pasta, bila shaka, alikuwa na ibada. Wakaanza kusimama, wakikung'uta suruali bila kumtazama.

— Lakini, alisema Tata Lukusa, chini ya ule muti sikuchimba.

Enjinia akakaa tena, polepole.