Vipande Visivyorudi Mwezini

Kijiwe cha nje ya duka la kinyozi kina sheria moja tu: hanyanyuki mtu mpaka hoja ipate mshindi. Jumapili hiyo, saa kumi alasiri, birika la kahawa lilikuwa limefika nusu, na hoja ilitoka redioni. Ati sayari moja huko mbali ina mwezi wa barafu tupu. Jiwe limeupiga, likachimba shimo, vipande vikarukia juu. Je, vinarudi au vinapotea? Fundi Saa, kwenye meza yake mwisho wa benchi, alimwomba Mungu jibu lisipatikane upesi. Mkewe alizikwa miezi mitatu iliyopita. Mpaka leo akifika mlangoni kwake hupiga hodi, kisha hukumbuka.

– Vinarudi, alisema Breki, dereva wa lori mstaafu. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Redio imesema vinaanguka tena, vinatoboa vishimo vidogo kando ya shimo kubwa.

– Basi tumemaliza! Kinyozi akajipiga paja. Mshindi Breki.

Fundi Saa akadakia haraka.

– Tumemaliza nini? Mwezi mdogo vile una nguvu gani ya kuvuta? Vingine vinakwenda moja kwa moja.

– Eh, hilo nalo limesemwa, kinyozi akageuka. Vinakwenda kuangukia miezi ya jirani. Na msibishe, ile mvua ya mawe iliyotoboa bati langu ilitoka huko huko!

– Ala! Breki akamkatiza. Barafu isafiri njia yote hiyo isiyeyuke?

– Kule baridi, bwana. Halafu ilikuwa na chumvi.

– Uliilamba?

– Niliilamba polepole. Si wanasema haraka haraka haina baraka?

Wakacheka mpaka Breki akafuta machozi. Kisha akalitazama jua, akavaa kofia, akasimama.

– Haya, yaishe. Vinapotea, kinyozi kashinda. Mama watoto ananingoja.

– Hapana! Fundi Saa akapaza sauti. Vinarudi! Hoja yako ilikuwa nzuri, unaitupaje hivi hivi?

Pembeni alisimama muuguzi mmoja, mgeni mtaani, aliyekuwa akingoja saa yake ifungwe mkanda mpya. Alikuwa amesikiliza tangu mwanzo.

– Samahani, baba, alisema. Mwanzo umesema vinapotea, sasa unasema vinarudi. Wewe mwenyewe uko upande gani?

Breki akamtazama kinyozi. Kinyozi naye akamtazama Breki. Kweli, jamani, kila Jumapili mzee huyu huwa upande wa nani?

Fundi Saa aliuweka mkanda mezani.

– Sina upande, mwanangu. Sitaki tu waende makwao.

Breki akavua kofia, akakaa tena. Kahawa ilikuwa imeisha, kinyozi akaenda kubandika birika jingine.