Mzee Idarusi Hakukata Laini Bila Kuuliza

Mzee Idarusi wa Mabawa amestaafu tarehe 31 Machi 1957, baada ya miaka ishirini na sita mbele ya bodi ya simu hapa Tanga. Ameanza mapumziko na Ramadhani kwa pamoja, kwa hiyo hata chai ya kustaafu hajaifaidi mchana. Wasifu huu nimepewa niuandike mimi, fundi wa nyaya niliyeishia darasa la nne, kwa sababu Fanueli wa darasa la nane aliandika wake ukasomeka kama hati ya kuitwa shaurini. Someni, kisha mseme nani kasoma.

Wapo watakaokuta simu za kuzungusha namba wakadhani dunia ilizaliwa nazo. Mpaka juzi, ukinyanyua simu yako, kifuniko kidogo kilidondoka kwenye bodi, Mzee Idarusi akachomeka waya na kukuuliza namba. Nusu ya wateja hawakutaja namba. Walisema nipe daktari, nipe yule Mgiriki wa mkonge, nipe mke wangu. Akawapa, na wala hakuwahi kukosea mke.

Kanuni ya bodi ni kwamba kabla ya kuchomoa waya, opareta huuliza, "Umemaliza?" na kungoja jibu. Wengi waliuliza huku waya umeshatoka. Mzee Idarusi alingoja. Kuna tajiri mmoja wa Pangani aliyeacha simu mezani katikati ya mazungumzo akaenda kumfukuza mbuzi aliyeingia dukani. Laini ya Pangani ni moja tu, na watu walipanga foleni wakitukana kwa lugha zote za pwani. Mzee hakuigusa. Tajiri akarudi akihema, akaulizwa kwa adabu kama amemaliza, akasema hapana, mbuzi ndiye aliyemaliza.

Na kulikuwa na kiapo cha siri. Opareta husikia mengi: nani anafilisika, nani anaoa mke wa pili kimyakimya kule Raskazone. Tulimtega Mzee Idarusi kwa kahawa na halua atumegee japo kidogo. Halua aliila. Kisha akatuambia kwamba neno la kwenye laini ni mali ya waliomo kwenye laini, na sisi hatumo. Siku hizi watu wanafurahi kwamba mtambo mpya, unaounganisha simu wenyewe, hauna masikio. Wafurahi tu. Mimi ndiye ninayepanda nguzo, najua mtu anavyoweza kusikiliza kwenye waya, na kama ningekuwa mmbeya mji huu ungehama.

Sasa nifike mahali ambapo Fanueli aliparuka. Bi Sabiha, mke wa mzee, ameniambia mwenyewe niandike yote, nisipambe.

Mwaka 1951 mtoto wao wa pekee, Kombo, alikuwa akitia mafuta mashine za mkonge katika shamba moja upande wa Muheza. Siku moja mchana shamba likapiga simu kumtaka daktari. Mzee Idarusi akaunganisha. Laini ile ilikuwa mbovu, na opareta alilazimika kubaki anasikiliza isije ikakatika. Akamsikia msimamizi wa shamba akimwambia daktari asijisumbue, mashine imemvuta kijana, amekwisha kufa. Akalisikia jina la kijana. Akasikia pia alichosema kijana kabla hajakata roho, maana msimamizi alikieleza. Kisha Mzee Idarusi akauliza kama wamemaliza, wakasema ndiyo, akachomoa waya. Fanueli, opareta mwenzake, alikuwa kiti cha pili. Anasema mteja aliyefuata aliulizwa namba kwa sauti ileile, na kwamba yeye hakujua lolote.

Jioni mzee akapanda baiskeli, akarudi nyumbani. Bi Sabiha alikuwa anachambua mchele, Kombo aje Ijumaa akute pilau. Mzee akakaa, akanyamaza. Alikuwa ameapa. Alingoja habari ije kwa njia yake.

Habari ikaja asubuhi, na mtu wa lori. Mzee na mkewe walipofika shambani, wenzake Kombo walikwisha kumzika, maana walidhani ndugu zake hawapatikani. Bi Sabiha hakumwona mwanawe. Akamsikia mtu wa lori akisema kwamba simu ilipigwa mjini tangu jana mchana. Akamgeukia mumewe mbele ya kaburi bichi.

"Simu hiyo ilipita kwa nani?"

Tangu hapo mama yule alimpikia, alimfulia, alimwuguza homa, na hakumwuliza ila jambo moja: Kombo alisema nini? Kila mara mzee alijibu kwamba ameapa. Mwezi uliopita, alipopewa saa ya mkononi ya kuagwa, mkubwa wetu alimkumbusha kwamba kiapo hakistaafu. Alidhani anamsifu.

Jumamosi tarehe 30, baada ya adhuhuri, tulihamisha laini zote kwenye mtambo mpya. Ukaanza kugonga-gonga wenyewe kama cherehani. Bodi ya zamani ikabaki haina mteja, ila umeme bado umo, na mimi ndiye niliyeshika koleo la kuukata. Bi Sabiha alikuwa amealikwa kwenye vitumbua vya kuagana. Mzee Idarusi akaniambia ningoje.

Akamketisha mkewe kwenye kiti chake mwenyewe, akamvika vyombo vya masikioni juu ya kanga. Kisha akaenda kiti cha Fanueli, mwisho wa bodi, akavaa vingine, akachomeka waya. Akasema kwa sauti ya kazi, sote tukasikia:

"Mama Kombo, una simu kutoka Muheza. Wewe umo kwenye laini."

Baada ya hapo aliinamia chombo cha kusemea, tukaona midomo tu. Mimi ninayejisifu kusikia kila kitu sikusikia hata herufi. Bi Sabiha alikuwa ameshika ukingo wa bodi kwa mikono miwili.

"Rudia," akasema.

Akarudia. Mama akafumba macho. Mzee akakaa wima, mkono kwenye waya kama kanuni inavyotaka, akauliza:

"Umemaliza?"

Chumba kizima kikangoja. Mkubwa akatazama saa yake, kisha akanitazama mimi na koleo langu. Nikaliweka mfukoni.

"Bado," akasema Bi Sabiha.

Mzee hakuchomoa. Tulitoka mmoja mmoja, vitumbua vikabaki mezani. Umeme niliukata baada ya alasiri, walipokuwa wamekwisha kwenda zao, baiskeli inakokotwa katikati yao.

Mzee Idarusi, tunakushukuru kwa sauti yako, na kwa siri zetu zote ulizozibeba. Tunakutakia mfungo mwepesi na maisha mema Mabawa. Mama akikwambia tena bado, ngoja.