Mtu Nambari Kumi na Nne

MUTIE: Haloo? Nani huyu?

NAMALWA: Ni Namalwa. Hii ni simu ya Beryl wa mapokezi, yangu imezima.

MUTIE: Aa, injinia! Sasa? Ngoja nitoke kwa lifti, huku Upper Hill network ni— (mkwaruzo) —haya. Umeona banda letu la mtandaoni?

NAMALWA: Nimeliona.

MUTIE: Si iko fiti? Kesho saa tatu maonyesho yakifunguliwa, mnunuzi popote alipo akibonyeza tu, anaona droni yetu ikizunguka—

NAMALWA: Nimeona vidio, Mutie.

MUTIE: Kali, ama?

NAMALWA: Tulikubaliana ni droni ya kubeba damu. Kutoka zahanati hadi hospitali kubwa. Mwaka mzima nimekesha nayo.

MUTIE: Wanunuzi wa droni za damu hawako, mama. Waliojiandikisha ni watu wa usalama. Wanataka umati. Kompyuta ihesabu watu, iwawekee visanduku vya rangi kwa skrini, iseme nani ni hatari—

NAMALWA: Na huo umati umeutoa wapi?

MUTIE: Si... kwa vidio zetu za zamani. (mkwaruzo) Nilikosa ingine.

NAMALWA: Hayo ni mazishi ya mamangu.

MUTIE: Jeneza nililikata kwa vidio, halionekani.

NAMALWA: Ulilikata! Ulikaa chini ukakata jeneza la mamangu ndio ubaki na—

MUTIE: Na si ni mimi nilirusha hiyo droni kule mazishini Kimilili? Bure! Ilikuwa mchango wangu!

NAMALWA: Na shangazi Peres akakuchinjia kuku ju ya huo mchango. Leo umemwekea kisanduku kichwani. Nambari sita, "ana silaha".

MUTIE: Hiyo ni kompyuta, si mi—

NAMALWA: Ni mkongojo wake, Mutie! Ana miaka themanini na mbili!

MUTIE: Lakini sura hazionekani—

NAMALWA: Nambari kumi na nne unamjua?

MUTIE: Nani?

NAMALWA: Mwenye kisanduku chekundu. Anarusha mikono, anajitupa chini, wanaume watatu wanamshika. Kompyuta imeandika "hatari kubwa".

MUTIE: ...Mwenye kitambaa cha njano?

NAMALWA: Cha njano.

(Mkwaruzo mrefu.)

MUTIE: Sikuangalia vizuri. Haki tena, Namalwa, sikujua ni wewe.

NAMALWA: Na angekuwa mtu mwingine? Itoe.

MUTIE: Haitoki. Waandaaji walifunga mabanda saa kumi, hakuna kugusa kitu hadi maonyesho yaishe. Sikiza, wewe kesho vaa tu fulana ya kampuni, kaa mbele ya kamera, jibu maswali ya droni. Tukipata hii oda, damu tutabeba mwaka ujao—

NAMALWA: Nitakaa.

MUTIE: Kweli? Asante, mama! Nilijua utaele—

NAMALWA: Nitakaa na kile kitambaa kichwani. Mnunuzi wa kwanza akiuliza kumi na nne alikuwa anafanya nini, nitamwambia aniangalie vizuri. Alikuwa anazika mamake.

MUTIE: Wee! Namalwa, usi— utatuharibia kampuni! Ngoja, nitaongea na waandaaji, nita—

NAMALWA: Kredo ya Beryl inaisha.

MUTIE: Kata basi, nikupigie kwa yako!

NAMALWA: Yangu imezima, nimekuambia. Saa tatu, Mutie. Usichele—