Tumbo la Afande

Benchi letu liko kwenye kona, kati ya duka la Fundi Cherehani na bucha, na mguu wake mmoja umefungwa waya kwa sababu Bucha, mwenye bucha, hakai kama watu, anajitupa. Hapo ndipo tunapokunywa kahawa ya Shangazi asubuhi kabla ya kuanza kazi, na alasiri kabla hatujachoka kuifanya. Mimi nachonga funguo kwenye kibanda cha ng'ambo, basi wananiita Kitasa, na hakuna aliyeniuliza kama nalitaka jina hilo. Yupo pia Profesa, muuza vitabu vya shule vilivyotumika, anayevisoma vyote kabla havijanunuliwa, hata vya darasa la pili. Na chini ya benchi yupo mbwa wa Fundi, rangi ya chai ya maziwa, anaitwa Afande. Zamani kila anayefika kijiweni ilikuwa lazima apige saluti, yaani amdondoshee Afande chochote alichonacho, ndipo asalimie watu. Ukikaa bila saluti unaambiwa hukulelewa. Mambo yalikuwa hivyo mpaka Afande alipougua na Fundi akapiga marufuku saluti zote.

Ugonjwa wenyewe Fundi ametusimulia mpaka tunaweza kummalizia sentensi. Mwili wa kila kiumbe una askari wake wa kupigana na vijidudu. Wa Afande wamechanganyikiwa, wanampiga mwenye nyumba. Walianza na miguu, viungo vikavimba, akawa hawezi kusimama. Vidonge vya daktari wa mifugo viliwatuliza, mbwa akatembea tena. Tatizo ni kwamba vidonge vinamtia njaa isiyo na mwisho, na tumbo nalo limekuwa jepesi, kitu kidogo tu limefunguka. Daktari akaagiza wali laini na samaki wa kuchemsha, bila mafuta wala chumvi, kidogo kidogo, na kidonge kiende pamoja na chakula. Kingine chochote kisiguse mdomo wake.

Na msidhani Fundi anajisumbua bure. Sikio lake moja limekufa, la pili linasikia cherehani tu, na aliye mbele yake anamsoma midomo. Mteja akisimama mlangoni, Afande ndiye anayeweka mguu juu ya kiatu cha Fundi, na Fundi anageuka, "Karibu!" Wakati mbwa alipolala hawezi kuinuka, wateja walikuwa wanaita, wanachoka, wanaondoka.

Alasiri hiyo Fundi alitoka dukani na ndoo mkononi, tambara begani, amefura.

— Ameharisha tena! Tena juu ya vitambaa vya sare za watu!

— Pole, Fundi, tukasema wote, haraka kidogo kuliko kawaida.

— Pole zenu zimenitosha. Nataka kujua ni nini.

Kumwuliza Bucha swali la namna hiyo ni kujitakia. Alijitupa benchini, waya ukalia.

— Ni huo wali. Mbwa na wali wapi na wapi? Unampa chakula cha mgonjwa, lazima augue.

— Si ni mgonjwa? nikamwuliza.

— Ndiyo hayo ninayosema!

— Wali hauna kosa, akasema Profesa, akavua miwani ili tujue kwamba linakuja neno zito. Kosa ni askari kukosa kazi. Fikirini. Jeshi limekaa kambini, hakuna vita, linakula bure. Litafanya nini? Litapindua serikali. Sasa Fundi anamwogesha mbwa kwa sabuni ya manukato, hana hata kiroboto mmoja wa kupambana naye. Mrudishieni viroboto, askari wapate shughuli.

— Viroboto upeleke kwako, akasema Shangazi, birika mkononi. Hapa nauza kahawa.

— Ni sayansi hiyo, Shangazi. Nimesoma.

— Kitabu cha darasa la ngapi?

Profesa akawa anakunywa kahawa.

— Mimi nawaambieni ni ule mnara, Shangazi akaendelea, akaelekeza kidevu kwenye mnara wa simu juu ya ghorofa la mbele. Tangu uwekwe, maziwa yangu yanakatika kila siku. Kitu kinachokata maziwa ndani ya sufuria kitashindwa na tumbo la mbwa?

— Mbona matumbo yetu hayajakatika? Bucha akauliza.

— Subirini tu. Hamna haraka.

Hapo nikaona na mimi nisibaki nyuma. Nikasema tumbo ni kama kitasa: likikaa muda bila kulainishwa linagoma, halafu siku moja linaachia lote. Dawa yake ni mafuta, tone moja moja.

— Mafuta ndiyo aliyoyakataza daktari! Fundi akanifokea.

— Nilikuwa nachangia tu.

— Changia kimya.

Profesa alikuwa amepata nguvu mpya.

— Ngojeni. Nani alimpa jina la Afande? Eh? Kutwa nzima tunapiga kelele, "Afande! Afande!" Wale askari mwilini wanasikia nini? Wanasikia wanaamriwa! Wanakurupuka, wanashika silaha, hawaoni adui, wanapiga tumbo. Mbadilishieni jina. Mwiteni Raia.

Bucha akainama mpaka kitambi kikagusa magoti.

— Raia! Hujambo, Raia?

Mbwa hata sikio hakutikisa.

— Unaona? akasema Profesa. Ameanza kutulia.

Tulicheka sana. Mimi machozi yalinitoka. Fundi peke yake hakucheka. Aliweka ndoo chini, akaingiza mkono kwenye mfuko mmoja wa aproni, akatoa pakiti ya vidonge.

— Ni hivi, akasema. Nyote mmezunguka, hakuna aliyevitaja. Mke wangu amechemsha samaki mpaka mapazia yananuka. Nikamshutumu, nikasema wewe unaweka chumvi, wewe unamwonjesha mboga yetu. Akaapa. Sikumwamini. Wiki nzima tunapishana mlangoni kama wapangaji. Sasa nimejua, ni vidonge ndivyo vinavyomharibu tumbo. Kuanzia leo simpi tena.

Akaitupa pakiti kwenye boksi la vipande vya vitambaa, pale mlangoni.

— We Fundi! Shangazi akashtuka. Si ulituambia mwenyewe visikatishwe ghafla? Kwamba daktari alisema mbwa anaweza kuanguka?

— Alisema.

— Sasa?

— Sasa afe kwa kukosa dawa au afe kwa kuharisha, Shangazi? Nichagulie wewe! Anakonda kila siku. Nikimshika mgongo nahesabu mifupa. Naogopa, jamani. Mnacheka hapa, mimi naogopa.

Bucha alikuwa anakuna shingo. Nilijisikia vibaya kwa ile ya kitasa.

Ndipo akaja mama mmoja kuchukua gauni lake, mgeni kabisa pale kijiweni. Akasimama mlangoni, akaita hodi nyuma ya mgongo wa Fundi. Fundi hakusikia. Afande akajikokota kutoka chini ya benchi, akaenda, akaweka mguu juu ya kiatu chake. Fundi akageuka.

— Karibu, mama. Kaa, nakuletea sasa hivi.

Akaingia ndani haraka, nadhani asionekane macho. Mama akakaa, Shangazi akammiminia kahawa. Afande naye alikuwa ameshainuka, akaona asirudi chini bure. Akaenda mbele ya Bucha, akakaa, akamtazama. Bucha akamsogeza kwa goti. Akahamia kwa Profesa, akakaa, akamtazama. Profesa akafungua kitabu. Akaja kwangu. Nikatazama kibanda changu kama vile nimeona mteja. Akamalizia kwa Shangazi, akalalia miguu yake kabisa.

— Huyu mbwa ana nini? mama akauliza.

Tukamwambia wote kwa pamoja: askari, viroboto, mnara, wali, Raia. Alisikiliza kwa adabu, kikombe mkononi.

— Mimi sijawahi kufuga mbwa, akasema. Naomba kuuliza tu. Jana alikula nini?

— Wali na samaki! Fundi akajibu, maana alikuwa anatoka na gauni na akamsoma midomo.

— Hicho ni chako, baba. Nawauliza hawa. Mbona anapita kwa kila mmoja kama anadai kodi?

Gari lilipita, tukalisindikiza kwa macho wote, mpaka likapinda.

Fundi hasikii vizuri, lakini macho yake yanaona uzi uliochomoka kwenye pindo la mtu aliye ng'ambo ya barabara. Akatupitia uso mmoja mmoja.

— Bucha.

— Kipande tu, Fundi. Cha mafuta mafuta, hata kidole hakifiki. Ana njaa yule! Ananitazama! Wewe hujui anavyotazama?

— Profesa.

— Nusu biskuti. Nusu nakula mimi, kwa hiyo ni nusu.

— Shangazi! Hata wewe?

— Yale maziwa yaliyokatika, mwanangu. Ningeyamwaga wapi? Nikasema haya ni ya maji maji, hayahesabiki.

— Kitasa.

— Ganda la mkate, nikasema. Na siagi kidogo. Lakini Fundi, haki ya Mungu, nilidhani ni mimi peke yangu.

— Mimi ndiye niliyedhani ni mimi peke yangu! Bucha akanirukia, utafikiri nimemwibia.

— Hata mimi, akasema Shangazi taratibu. Nikajisemea, kwa kuwa wenzangu wote wameacha, changu kimoja hakitamdhuru.

Fundi akatuelekezea gauni la mama kama fimbo.

— Mnamuua! Mnakaa hapa mnanipa pole, mnanitafutia mnara, kumbe ni nyie! Nimemnunia mke wangu! Nimetupa dawa! Ni watu gani nyie? Mbwa wangu mimi...

Akanyamaza, kwa sababu Afande alikuwa amesimama mbele yake, pua imezama kwenye mfuko wa pili wa aproni, mkia unacheza.

— Na humo, baba? mama akauliza. Mna nini?

Fundi akafunika mfuko kwa mkono.

— Hii si chakula.

— Ni nini?

— Soseji. Ya kufichia kidonge.

— Daktari alisema soseji?

— Alisema wali. Lakini mama, akiutazama ule wali, halafu akinitazama mimi...

Akakaa kwenye ncha ya benchi, akaitoa ile soseji, akaitazama, na mabega yakaanza kumcheza. Sikujua analia au anacheka mpaka Bucha alipoanza kucheka, na hapo tukajua ni vyote viwili.

Vidonge tulivitafuta sote, tumepiga magoti kwenye boksi la vitambaa, Profesa akitoa maelekezo. Bucha ndiye aliyeiibua pakiti. Fundi akaleta bakuli la wali kutoka ndani, akafinyanga tonge dogo na samaki, akakichimbia kidonge katikati. Afande akalinusa tonge, akatutazama kwanza sisi, mmoja mmoja, kwa ule mtazamo wake wa kutia huruma. Tukamwonyesha viganja vitupu. Akakata tamaa, akameza.

— Vizuri, akasema mama, akikunja gauni lake. Na mke wa fundi je? Nani anakwenda kumwambia hakuwa yeye?

Tukachungulia vikombe vyetu.

— Shangazi, mimina basi, akasema Bucha.

— Imekwisha.

Bucha akakumbuka mteja. Profesa akakumbuka mvua, na mbinguni hakuna hata wingu. Fundi akavua aproni, akaikung'uta mifuko yote miwili barabarani, akafunga duka. Tukamwona anakwenda na mbwa wake polepole, midomo inacheza, anajaribu maneno. Kabla ya kona Afande aligeuka. Nikainuka, nikapiga saluti ile ya kweli, mkono kwenye paji la uso. Wenzangu wakainuka wakapiga.

Tukaanza kumsubiri Fundi kila asubuhi roho mkononi, tukitazama ndoo kabla ya uso. Siku za mwanzo ilikuwa na maji ya deki. Halafu asubuhi moja alitoka nayo kavu. Aliigeuza, akaikalia, maana nafasi yake benchini alikuwa amekaa mkewe, na alikuwa hajamaliza kutukagua mifuko.