Sufuria ya Nuccio Spanò

Sogeeni, wanangu. Wewe Rosina kaa hapa miguuni, na wewe Leo shika hiyo simu, usiache kumpigia kaka yako Bastiano, maana nilichoambiwa sasa hivi na shangazi yenu Mela kimeniua kabla ya ugonjwa huu.

Mnajua uadui wetu wa damu na Nuccio Spanò ulivyoanza. Miaka thelathini na moja iliyopita mkewe alituletea mlangoni sufuria ya makaroni na mchuzi wa kuku, imefungwa kitambaa cheupe, chakula cha msiba, kile wanachopelekewa waliofiwa kwa sababu kwao moto hauwashwi. Kwetu hakuna aliyekufa. Nikasema, huyu mwanaharamu ananiambia nichague jeneza! Kabla ya Jumapili ndugu yake alikuwa kaburini, na mimi ndiye niliyemlaza huko.

Sasa sikieni. Wakati ule simu ya kijiji ilikuwa kwenye baa ya Nuccio. Baba yenu mdogo Turi alifukiwa na kifusi mgodini Ubelgiji, wenzake wakapiga simu, Nuccio akapokea, akaambiwa telegramu ya kutuarifu imeshatumwa. Haikufika! Yeye akadhani tunajua, akamwambia mkewe apike. Alikuwa anatupa pole, jamani, anatupa pole! Barua yenye habari zote ilikuja miezi miwili baadaye, na mimi nisiyejua kusoma nikampa Mela anisomee, naye akaona kwa tarehe kwamba Turi alikufa kabla ya ile sufuria, akanificha, akaniambia amekufa juzi tu.

"Ningekwambiaje, kaka?" ananiuliza leo. "Ulikuwa umeshaua."

Makaburi tisa, wanangu, yao na yetu. Na Nuccio hakujieleza hata siku moja, maana huku kwetu aliyeuliwa ndugu haendi kujieleza kwa muuaji.

Nyumba hii ni ya Rosina. Mbuzi ni wa Leo. Mizeituni ya bondeni niliyowanyang'anya akina Spanò, warudishieni yote, msibakize hata mti. Na Bastiano... Bastiano nilimtuma asubuhi amvizie Pasquale, mtoto wa Nuccio, pale kwenye kinu cha mafuta, nipate kufa nimemaliza kazi. Piga tena, Leo. Mwambie baba amefuta amri.

Amepokea? Anasemaje? Sema kwa sauti, mimi si mtoto.

Imekwisha? Ameshamuua?

Ee Mama Maria. Pasquale ana mabinti wadogo yule... Hapana, sitaki maji. Leo, iweke mezani hiyo bastola uliyoichukua, na asiiguse mtu, leo wala kesho. Rosina, nenda kwa Nuccio mwenyewe, mwambie habari ya barua, mwambie amri ilitoka kinywani mwangu, Bastiano alitumwa tu. Anayemtaka ni mimi. Nawabariki, nyote watatu, hata yule... Mungu awape usingizi nilioukosa. Pumzi inanikatikia. Usinibusu mkono, mama, kimbia, na mlango uuache wazi, mwambie aje upesi... anikute hai.