Bi Kwanini Anaiaga Maabara ya Damu

Ijumaa tarehe 30 mwezi huu, baada ya miaka thelathini na minne ya kazi, mtaalamu mkuu wa maabara yetu ya damu atavua koti lake jeupe kwa mara ya mwisho. Hospitali nzima inamwita Bi Kwanini, na mwenyewe hugeuka haraka zaidi akiitwa hivyo. Mumewe ameshatuma salamu za wasiwasi: anauliza yale maswali yote sasa yatahamia kwa nani.

Alianza kwa kuosha chupa. Wiki ya kwanza alimhoji fundi wa majokofu mpaka fundi wa watu akaondoka amesahau bisibisi. Baadaye alisomea kazi hii na kupanda vyeo vinne, bila kupunguza hata swali moja.

Swali lake kubwa lilitoka wodi ya saratani. Kuna wagonjwa waliokula, ndugu wakiwabembeleza kijiko kwa kijiko, na bado wakakonda wakabaki mifupa. Mizani haikusaidia sana, maana miguu ikijaa maji, mgonjwa anayekwisha huonekana ameongezeka kilo. Bi Kwanini akataka kujua kama damu ingesema ukweli zaidi. Katika daftari lake aliandika vipimo viwili vya kila mgonjwa: albumini, ile protini inayotengenezwa na ini, na kipimo cha uvimbe, kinachopanda mwili unapowaka kwa ndani. Safu ya tatu aliijaza baada ya miezi mitatu: yupo, au hayupo. Hiyo aliijaza kwa penseli, kwa sababu wino ulimuuma.

Madaktari walicheka kidogo, kisha wakaacha kucheka. Daftari likawa utafiti wa wagonjwa mia mbili na kumi na wawili. Wale ambao albumini yao ilishuka huku kipimo cha uvimbe kikipanda, wengi hawakuvuka miezi mitatu. Tangu hapo vipimo hivyo vinawasaidia madaktari wetu kupima nani ataihimili dawa kali, na nani aachwe apumzike nyumbani na watu wake.

Kisha likaja jibu la vipimo vya fundi cherehani mmoja, mama wa binti aliyekuwa darasa la mwisho. Albumini yake ilikuwa imeporomoka ndani ya siku tatu tu. Daktari aliamua kusimamisha dawa, na mume akaitwa aje amchukue mkewe. Bi Kwanini akaitazama karatasi na kukunja uso. Kipimo cha uvimbe nacho kilikuwa kimeshuka. Kama mama huyu anakwisha, kwa nini uvimbe unapungua? Akapanda ngazi mwenyewe, akamkuta mume ameshafunga mizigo, na akaliona jambo lenyewe: damu ilikuwa imetolewa kwenye mkono wenye dripu, ikachanganyika na maji ya dripu, ndiyo maana vipimo vyote viwili vilishuka. Akachota nyingine mkono wa pili. Albumini ilikuwa ya chini, ndiyo, lakini si ya kumrudisha mtu nyumbani. Dawa ikaendelea.

Mama yule aliishi mwaka mmoja na miezi miwili. Alihudhuria mahafali ya bintiye kwa gauni alilolishona mwenyewe na kulipunguza mara mbili ili limkae.

Aliyeichota damu ile ya kwanza ni mimi, ninayeandika haya. Bi Kwanini alijua, maana jina langu lilikuwa kwenye chupa. Hakunigombeza. Alinikalisha, akaniuliza kwa nini, akasubiri jibu mpaka likaisha. Nikamwambia mishipa ya mama ilikuwa imejificha, na nilimwonea huruma kumchoma tena, nikachukua pale palipoonekana. Nilitaka kumpunguzia sindano moja, nikakaribia kumpunguzia mwaka mzima. Akaniambia huruma yangu ni nzuri, ila kesho nianze kwa kuuliza dripu iko mkono gani. Ndivyo ninavyowafundisha wanaoanza kazi hadi leo.

Asante, dada yetu mkubwa. Wenzako wote tunakuombea afya, usingizi mtulivu na siku ndefu pamoja na mumeo na wajukuu. Mimi nakushukuru pia kwa ule mwaka mmoja na miezi miwili, ambao nusura niupoteze na haukuwa wangu.